Skrubu ya propela shafti inalegea kila mara kwenye gari la rimoti la kupanda miamba: tatizo ni gundi, skrubu au gari lenyewe?

#1 KobeMwendapole, Mwanza
Salaam wakuu. Nina gari la rimoti la kupanda miamba, la kipimo cha 1:10. Difu zote mbili zimefungwa, yaani magurudumu ya kushoto na kulia huzunguka pamoja daima, mota ni ya brashi ya ukubwa wa 540, na propela shafti, zile fimbo zinazopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi ekseli, ni za chuma, nilizoziweka badala ya zile za plastiki. Tatizo langu ni sugu: skrubu ya grabu, ile isiyo na kichwa, inayobana propela shafti ya nyuma kwenye shafti ya kutokea giaboksi, hulegea kabla betri ya pili haijaisha. Naisafisha, naipaka gundi ya buluu ya kuzuia skrubu kulegea, naikaza, naiacha usiku kucha, na bado nikilipandisha gari kwenye majabali ya Capri Point magurudumu ya nyuma husimama ghafla huku mota ikiunguruma. Ya mbele haijawahi kulegea, ingawa imefungwa kwa skrubu ya aina ileile na gundi ileile. Sasa hata pinioni, ile gia ndogo ya mota, imeanza kuteleza kwenye shafti ya mota. Dai langu, na niko tayari kupingwa, ni kwamba gundi hizi zinatuuzia matumaini tu. Mnasemaje?

#2 FundiWaHesi, Nairobi
Hapo kwenye matumaini nakupinga mapema. Gundi hii haikaushwi na hewa. Hushika pale tu inapokosa hewa na kugusa chuma. Ndiyo maana chupa yake huuzwa ikiwa haijajaa na plastiki yake hupitisha hewa, la sivyo ingeganda humohumo ikiwa dukani. Kwa hiyo nina maswali mawili. Kwanza, skrubu zako ni za chuma cheusi au za chuma kisichoshika kutu? Chuma kisichoshika kutu hakiiamshi gundi vizuri, hivyo kushika kwake huchelewa, na usiku mmoja unaweza usitoshe. Pili, unasafisha kwa kitu gani? Propela shafti mpya huja na mafuta ya kiwandani, na mafuta hayo hujificha ndani ya hesi za tundu, yaani ile mifereji ambamo skrubu hujisokota, si juu ya skrubu unayoifuta kwa kitambaa. Gundi ya buluu ya Loctite 243 ilitengenezwa ivumilie mafuta kidogo kuliko 242 iliyoitangulia, ila hata hiyo haitashika ndani ya grisi.

#3 BintiGia, Dar es Salaam
Mnaanzia kwenye gundi wakati hatujajua skrubu inakanyaga wapi. Shafti ya kutokea giaboksi huwa na ubapa uliochongwa upande mmoja, au tundu lililopenya kutoka upande hadi upande. Kama ni ubapa, ncha ya skrubu lazima iulalie sawasawa. Shafti ikiwa imegeuka kidogo ndani ya kikombe, yaani ule mwisho wa propela shafti unaoivaa, ncha hukanyaga ukingo wa ubapa. Mkononi utahisi imekaza kabisa, lakini msokoto mkubwa wa kwanza utaizungusha shafti hadi ubapa ulale, na papo hapo pana nafasi kati ya ncha na chuma. Kama ni tundu, grabu fupi haifai. Inatakiwa skrubu yenye pini inayoingia tunduni. Kaza kidogo, chezesha propela shafti kushoto na kulia huku ukiendelea kukaza, mpaka isicheze tena, ndipo umalizie kwa nguvu. Gari langu halina tone la gundi kwenye propela shafti. Lina grabu mbili ndani ya tundu moja, ya pili ikiikandamiza ya kwanza kwa juu, na halijawahi kuniangusha kwenye mawe ya matumbawe huku ufukweni.

#4 MzeeWaSpana, Arusha
BintiGia, grabu zako hazilegei kwa sababu chumvi ya bahari imekwisha kuzilehemu. Siku utakapotaka kuzifungua, tuite tuje na tindo.

#5 BintiGia, Dar es Salaam
Mzee, mimi nikitoka ufukweni nasuuza gari kwa maji baridi na kulipaka mafuta. Kama gari lako linakaa na vumbi hadi msimu wa mvua, usidhani sote tuko hivyo.

#6 KobeMwendapole, Mwanza
Nashukuru kwa majibu. FundiWaHesi, skrubu ni za chuma kisichoshika kutu, nilizinunua makusudi kwa sababu gari hupita majini kandokando ya ziwa. Nasafisha kwa petroli. BintiGia, shafti ya giaboksi ina ubapa, nami nimehakikisha ncha ya skrubu inaulalia. Lakini hakuna aliyegusa lile linalonisumbua zaidi: kwa nini ya nyuma peke yake? Kama ni petroli, au ni aina ya chuma, si ya mbele nayo ingelegea?

#7 FundiWaHesi, Nairobi
Petroli ya gari huacha utando ikikauka, kwa sababu ina viungo vingine vilivyochanganywa humo. Tumia spiriti safi ya aina ya isopropili au dawa ya kusafishia breki, uipulizie ndani ya tundu, kisha usubiri pakauke. Na skrubu za chuma kisichoshika kutu zirudishe dukani, au zitumie kwenye bodi. Grabu nyeusi za chuma kilichopikwa ni ngumu kuliko zile, kwa hiyo ufunguo hauli pembe zake haraka na unaweza kuikaza inavyostahili. Hizo zako zinang'aa, ila pembe zake huanza kuliwa kabla skrubu haijabana sawasawa. Kutu ya grabu nyeusi inazuilika kwa tone la mafuta, mradi ulitie baada ya gundi kushika.

Kuhusu swali la nyuma peke yake, labda ya mbele ilibahatika tu kupata tundu safi.

#8 WadiMaskati, Maskati
"Ilibahatika" si maelezo, ndugu yangu. Tuangalie krosi, kile kiungo cha umbo la msalaba kinachoiruhusu propela shafti kukunjika. Propela shafti ikikunjwa kwenye krosi moja haizunguki kwa mwendo ulio sawa, hata kama giaboksi inazunguka sawasawa. Mkunjo ukifika nyuzi 30, upande wa pili hupungua mwendo hadi takriban asilimia 87 ya mwendo wa kwanza, kisha huongezeka hadi kama asilimia 115, na hali hiyo hujirudia mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayofuta kasoro hiyo, lakini kwa masharti: mikunjo yote miwili iwe sawa, na nira, yaani zile uma zinazoshika krosi, za pande mbili za propela shafti zielekee upande mmoja. Nyingi ya propela shafti hizi ni vipande viwili vinavyoteleza kimoja ndani ya kingine, na mtu akivichomeka vibaya, krosi ya pili badala ya kufuta kasoro huizidisha.

Hapo ndipo nyuma na mbele zinapotofautiana. Wengi wetu tumeinua pua ya ekseli ya nyuma ili propela shafti isikwaruze mawe, kwa hiyo mkunjo wa upande wa ekseli umepungua huku wa upande wa giaboksi ukibaki mkali. Skrubu inayopigwa mbele na nyuma kila nusu mzunguko italegea, uipake gundi gani sijui.

#9 MzeeWaSpana, Arusha
WadiMaskati umeeleza vizuri, na hesabu yako ni sahihi, lakini unazungumzia lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa. Gari hili linatambaa kuliko kinyonga aliyeshiba. Mtetemo wa krosi huumiza pale uzito unapozungushwa kwa kasi. Hapa propela shafti yenye uzito wa gramu chache inageuka polepole.

Mimi naona kisa ni kujisokota kwa mfumo mzima. Gari lenyewe halina difu ya kati na difu zake mbili zimefungwa, hivyo magurudumu yote manne yanalazimika kuzunguka sawa. Ukikata kona, ya mbele yanatakiwa kupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa hayawezi, tofauti hiyo hujilimbikiza kwenye propela shafti mpaka tairi moja iteleze na kuiachia. Kwenye mchanga huachia mapema bila mtu kujua. Kwenye majabali makavu ya Mwanza, kwa matairi laini, haliachii mpaka msokoto uwe mkubwa sana, na likiachia huachia kwa kishindo. Kisha lipandishe: uzito wote unahamia nyuma, ya mbele yanapapasa tu, na propela shafti ya nyuma inabeba karibu kazi yote. Skrubu ya mbele haina siri yoyote, haifanyi kazi nzito kama ya mwenzake, basi.

#10 WadiMaskati, Maskati
Mzee, uwiano wa kupungua na kuongezeka mwendo hautegemei kasi, unategemea mkunjo tu. Kinachotegemea kasi ni ukubwa wa nguvu ya uzito unaozungushwa. Na tairi likiwa limeng'ang'ania mwamba, kupungua na kuongezeka huko hakuna pa kwenda, kunageuka kuwa msokoto. Kwa hiyo majabali yako makavu yananisaidia mimi pia. Ila hilo la uzito kuhamia nyuma nalikubali. Hapa kwenye mawe meusi ya mabonde yetu tumeliona.

#11 Theluji_Toronto
Habari za huko. Mmeisahau pinioni, na pengine ndiyo iliyo rahisi kutibu. Shafti ya mota ya 540 ina kipenyo cha milimita 3.175, yaani sehemu moja ya nane ya inchi. Baadhi ya pinioni za Marekani zina tundu la skrubu la inchi, linaloitwa 5-40, si la M3, yaani la skrubu ya kipenyo cha milimita 3. Hesi za M3 zina hatua ya milimita 0.5, za 5-40 zina hatua ya milimita 0.635. Skrubu iliyokuja na pinioni ikipotea, mtu huweka M3 aliyo nayo. Inaingia, inakwama kwa sababu hesi hazilingani, ufunguo unagoma kuzunguka, na mtu anaamini imekaza ilhali ncha haijabana shafti hata kidogo. Pia funguo zake si moja. Grabu ya M3 hutumia ufunguo wa milimita 1.5, ile ya 5-40 hutumia wa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, karibu milimita 1.6. Ukitumia wa 1.5 kwenye hiyo ya inchi, utaingia vizuri na utaikoboa pembe zake zote.

KobeMwendapole, je, shafti ya mota yako ina ubapa? Baadhi ya mota huja na shafti ya duara tupu. Ubapa unaweza kuuchonga mwenyewe kwa tupa ndogo au jiwe la kusaga, ila kwanza funika matundu yote ya mota kwa utepe na uishike shafti ikielekea chini, kwa sababu unga wa chuma ukiingia ndani sumaku haziuachii tena.

#12 FundiWaHesi, Nairobi
Nyongeza kwa Theluji. Baada ya kuifunga pinioni, nafasi kati yake na gia kubwa ipimwe upya: weka ukanda wa karatasi kati ya meno, sukuma mota hadi zibane karatasi, kaza mota, kisha zungusha gia karatasi itoke. Itoke imekunjamana bila kuchanika. Gia zikibanana sana, pinioni husukumwa kila jino linapopita. Na hakikisheni meno ni ya familia moja: pitchi na modi ni vipimo viwili vya ukubwa wa meno, cha kwanza cha inchi, cha pili cha milimita. Pitchi 32 ni sawa na modi 0.79, ndiyo maana watu huichanganya na modi 0.8 na mambo yakaenda. Lakini pitchi 48 ni kama modi 0.53, na ukiichanganya na modi 0.5 utasikia mlio wa kusaga karanga hadi gia kubwa iishe.

#13 Lukenya_Juu, Machakos
Samahani kwa kuingilia, yangu ni nati za magurudumu. Ni M4 zenye pete ya nailoni, na ya kushoto mbele hutoka kila mara. Rafiki yangu anasema ni kwa sababu ya upande: kushoto gurudumu huzunguka kinyume cha saa, na nati nayo hufunguka kinyume cha saa. Ananiambia hata pedali ya kushoto ya baiskeli ina hesi za kinyume.

#14 MzeeWaSpana, Arusha
Kuhusu pedali ni kweli, ina hesi za kinyume, lakini sababu yake si hiyo. Kwenye gari hili fikiria hivi: ukikanyaga mafuta kwenda mbele, ekseli ndiyo inayoanza kuzunguka na gurudumu linabaki nyuma kidogo, kiasi cha pengo lililopo kwenye kitovu cha pembe sita kinachoshika gurudumu kwenye ekseli. Nati imebanana na gurudumu, kwa hiyo nayo inabaki nyuma. Ukiangalia kutoka kushoto, nati inayobaki nyuma ya ekseli inajikaza. Ya kulia ndiyo inayojifungua. Rafiki yako ameelekeza kidole upande usio wake.

#15 Lukenya_Juu, Machakos
Sasa mbona inayotoka ni ya kushoto?

#16 BintiGia, Dar es Salaam
Kwa sababu gari la miamba halikai likienda mbele tu. Ukiachia mafuta, kidhibiti cha mota hushika breki papo hapo. Hapo ekseli inasimama na gurudumu linataka kuendelea, na hesabu ya Mzee inapinduka. Ukirudi nyuma, hivyohivyo. Mteremko mmoja mrefu unatosha kuifungua ya kushoto. Mimi nisingehangaika na pande. Angalia kama kitovu cha plastiki kimekuwa duara badala ya pembe sita, na kama ile pini inayokishika kwenye ekseli ipo na imenyooka. Halafu ijaribu nati kwa vidole: ikipita kwenye hesi hadi mwisho bila spana, nailoni imekwisha, itupe.

#17 Theluji_Toronto
Na nati ya nailoni isipakwe gundi. Gundi hizo hazipatani na plastiki nyingi. Polikaboneti na ABS hupasuka kabisa zikiguswa nayo. Niliwahi kuona giaboksi ya mtu imechanika kuzunguka tundu la skrubu, na chanzo kilikuwa tone lililochuruzika.

#18 BintiGia, Dar es Salaam
Nirudi kwa KobeMwendapole. Kabla hujachagua kati ya krosi ya WadiMaskati na msokoto wa Mzee, fanya jaribio dogo. Toa springi za shokapu za nyuma, kisha ikandamize ekseli upande mmoja hadi mwisho huku upande wa pili ukining'inia, kama gari linavyokaa juu ya jabali. Zungusha propela shafti kwa vidole. Vipande viwili vinavyoteleza vikigusana mwisho kwa mwisho, propela shafti imegeuka kuwa mti mmoja unaosukuma giaboksi na skrubu yako kwa mbele, na hakuna gundi itakayozuia hilo. Propela shafti za chuma za kubadilisha mara nyingi hazina urefu uleule wa zile za plastiki ulizozitoa. Ikigusa, kata milimita chache, au tafuta fupi zaidi.

#19 WadiMaskati, Maskati
Ukiwa hapo, tikisa pia shafti ya kutokea giaboksi juu na chini. Ikicheza, beringi imekufa, na skrubu inalaumiwa bure.

#20 KobeMwendapole, Mwanza
Nimefanya mliyoniambia. Jaribio la BintiGia: propela shafti haigusi mwisho, lakini ekseli ikikunjwa kabisa inabaki nafasi ndogo mno, chini ya milimita moja, na sijui springi zikiwa zimebanwa kwa kishindo mambo yanakuwaje. Beringi haichezi. Nira za propela shafti ya nyuma kweli hazikuwa zimeelekea upande mmoja. Za mbele zimeelekea. Nimezirekebisha. Nimeweka grabu nyeusi ya M4, nimesafisha kwa dawa ya breki, nimepaka 243 na kuiacha saa 24. Tangu hapo haijalegea, na nimepita palepale pa zamani.

#21 WadiMaskati, Maskati
Nira. Nilisema.

#22 FundiWaHesi, Nairobi
Nira zipi? Amesafisha vizuri kwa mara ya kwanza, ameacha chuma kisichoshika kutu, na ameipa gundi siku nzima. Hayo ni matatu dhidi ya moja lako.

#23 MzeeWaSpana, Arusha
Na mimi namwuliza: matairi ni yaleyale na jabali ni kavu vilevile? Mwanza mvua zimeanza. Jabali likilowa, tairi huteleza mapema na msokoto haujilimbikizi.

#24 BintiGia, Dar es Salaam
Umebadilisha vitu vinne kwa mkupuo, KobeMwendapole, sasa kila mmoja hapa atadai ushindi hadi mwakani. Kama unataka kujua kweli, zirudishe nira zilivyokuwa na uache mengine. Lakini najua hutafanya hivyo, na mimi pia nisingefanya.

#25 KobeMwendapole, Mwanza
Sifanyi. Mvua ni kweli ilinyesha, Mzee, ila jabali lilikuwa limekauka juu. Swali la mwisho: grabu ya pinioni ya zamani imekobolewa na haitoki, na aliyeniuzia aliipaka gundi nyekundu. Nifanyeje bila kuua mota?

#26 FundiWaHesi, Nairobi
Nyekundu ya aina ya 271 hailegei kwa mkono, inataka joto la zaidi ya nyuzi 250. Usitumie moto wa gesi, utaharibu sumaku na beringi ya mota. Chukua pasi ya kulehemu yenye ncha nene, ibonyeze kwenye grabu yenyewe, si kwenye shafti, hadi uone moshi mdogo wa gundi. Wakati huo uwe tayari na bisibisi ya nyota ya ncha sita (toksi) yenye ukubwa unaozidi kidogo tundu lililokobolewa. Igongomee humo taratibu kwa nyundo ndogo huku pinioni, si mota, ikiwa imeegemea kwenye jiti, kisha zungusha ikiwa bado moto. Isipotoka, pasha tena, usilazimishe.

#27 Theluji_Toronto
Na ufungue dirisha, moshi huo si wa kuvuta. Kama pinioni ni ya bei ndogo, ikate kwa diski ndogo ya kukatia chuma upande wa skrubu uitupe, shafti ibaki salama. Ukinunua mpya, uliza kama tundu lake ni la M3 au 5-40 kabla hujatoka dukani.